Salamu za Sikukuu: Maswali Mnayoniuliza Dukani Kila Mwaka

Duka langu liko Kisumu, si mbali na soko la Jubilee. Nauza madaftari, kalamu, bahasha na kadi, na upande mmoja nina kidirisha cha M-Pesa. Novemba ikifika watu huanza kusimama mbele ya kaunta wameshika kadi na kalamu ya kuazima, wananiuliza, "Sasa hapa niandike nini?" Wengine huja na simu: wamepokea salamu na hawajui wazijibu vipi. Kabla ya kuja huku niliishi Nakuru, mtaa wa Bondeni, na kwetu kabisa ni Butere, kwa hiyo majibu haya nimeyaokota sehemu zote tatu. Wazee walisema waraka ni nusu ya kuonana. Nimeyaandika ili hiyo nusu isiende mikono mitupu.

Tuanze lini kusema "Heri ya Krismasi", na tuache lini?

Maduka makubwa huanza kupiga nyimbo za Krismasi Novemba, lakini hiyo ni biashara. Kwangu mimi mpaka ni sikukuu ya Jamhuri. Tarehe 12 Desemba ikishapita, shule zimefungwa, steji zimejaa mizigo na nauli imepanda, basi ukiagana na mtu mwambie "Heri ya Krismasi", kwa sababu huenda msionane tena hadi Januari.

Wakatoliki na Waanglikana wanaofuata kalenda ya kanisa watakuambia kwamba majuma ya kabla ya Krismasi ni Majilio, kipindi cha kungoja, chenye Jumapili 4, na kwamba Krismasi yenyewe inaingia usiku wa tarehe 24. Kwao haiishi jioni ya tarehe 25 sufuria zikishaoshwa. Inaendelea hadi Epifania, tarehe 6 Januari, na kwa Wakatoliki hadi Ubatizo wa Bwana. Ukimpigia katekista wako simu tarehe 3 Januari ukamtakia heri ya Krismasi, hujachelewa hata kidogo.

"Heri ya Mwaka Mpya" ina muda mrefu zaidi. Mtu mnayeonana naye mara ya kwanza tangu mwaka uanze, mwambie hata kama Januari inakaribia kwisha.

Ni "heri ya", "heri za" au "njema"?

Yote yapo. "Heri ya Krismasi" ndiyo iliyozoeleka. "Heri za Krismasi" si kosa, anayeandika hivyo anafikiria heri nyingi. Kosa ninalokutana nalo kila mwaka, hata kwenye kadi zilizochapishwa vizuri kwa rangi ya dhahabu, ni "mwaka njema". Krismasi ni njema, Pasaka ni njema, sikukuu ni njema. Mwaka ni mwema, mfungo ni mwema, msimu ni mwema, na mapumziko ni mema.

La pili ni "nakutakia nyote". Mmoja unamwambia nakutakia, wengi unawaambia nawatakia. Ukimwandikia mzee mmoja lakini unakusudia boma lote, andika "Mzee, nawatakia wewe na mama na wote nyumbani". Anayeisoma atajua hujamsahau yeyote.

Kadi yenyewe niandike nini?

Maneno ya dukani tayari yamechapishwa ndani. Kazi yako ni kuongeza kitu ambacho mchapishaji hangeweza kukijua.

Kijana mmoja wa boda boda alinunua kadi ya mama yake aliye Siaya. Alikuwa ameanza kuandika "Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya wenye fanaka", maneno yaleyale yaliyokuwa yamechapishwa juu yake. Nikamuuliza mara ya mwisho mama alimwambia nini kwenye simu. Akafikiri, akasema lile jiko alilokuwa akililalamikia kwamba mvua inaingia limeezekwa upya. Nikamwambia aandike hilo. Akainama kaunta karibu robo saa, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo kama mtoto wa darasa la kwanza, halafu akanionyesha: "Mama, Krismasi njema. Nimesikia jiko limeezekwa upya. Nafika tarehe 23, nataka tupike humo ndani wewe na mimi." Sikumbadilishia hata nukta.

Jambo moja zaidi. Kadi inayoenda mashambani mara nyingi husomwa kwa sauti na mjukuu, watu wamekaa. Usiandike humo deni, ugonjwa au ugomvi wa shamba.

Mtu akinitakia heri, nijibu vipi?

"Ahsante, nawe pia" inatosha. Kama amewatakia wengi, "Ahsante, nanyi pia". Akikuombea baraka, jibu ni "Amina". Kwa mkubwa wako ongeza jina la heshima: "Ahsante mama, nanyi huko nyumbani pia."

"Sawa" si jibu la salamu. Kidole gumba peke yake nacho si jibu, hasa kwa mzee. Mama aliyekaa nusu saa akitafuta herufi kwenye simu ili akuandikie mistari miwili anastahili kupigiwa.

Rafiki yangu ni Mwislamu. Nimwambie "Heri ya Krismasi"?

Huku kwetu swali hili ni la ndani ya nyumba. Mumias imekuwa na Waislamu tangu enzi za Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, na ziko koo ambazo kaka anaenda msikitini, dada anaimba kwaya, na wote wanazikwa kaburi moja baada ya jingine katika shamba lilelile. Wengi wa hao husalimiana bila kujiuliza.

Lakini wapo Waislamu ambao dini yao, kwa jinsi wanavyoielewa, haiwaruhusu kupokea wala kutoa salamu za Krismasi. Usimlazimishe mtu kuirudisha na usihesabu kwamba amekudharau asipoirudisha. Kama hujui anasimama wapi, mwambie "Mapumziko mema" au "Sikukuu njema, msalimie mama". Hapo umemtakia heri bila kumweka njia panda. Na ukitaka akumbuke urafiki wenu, ikumbuke sikukuu yake wewe mwenyewe ikifika.

Na salamu za Idi?

Hapa naomba nikae kidogo.

Kwanza, Idi ni mbili. Idd-ul-Fitr inakuja Ramadhani ikiisha. Idd-ul-Azha, ile tunayoita Idi ya kuchinja, ni tarehe 10 ya mwezi wa Dhulhija, yapata miezi 2 na siku 10 baadaye. Zote hufuata mwezi mwandamo, na mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11, kwa hiyo usiangalie Idi ya mwaka jana ilikuwa lini ukatuma salamu tarehe ileile.

Pili, ngoja mwezi uandame. Kutuma "Idd Mubarak" jioni kabla ya tangazo ni kumwambia mtu amemaliza kazi ambayo huenda bado ana siku nzima ya kuifanya. Wakati wa mfungo salamu ni "Ramadhan Karim", "Ramadhan Mubarak" au kwa Kiswahili chetu "Mfungo mwema".

Tatu, maneno. "Idd Mubarak" anaweza kuisema yeyote, na jibu ni hiyohiyo. Utasikia pia "Kullu aam wa antum bikheir", na jibu lake "Wa antum bikheir". Waislamu wenyewe huambiana "Taqabbalallahu minna wa minkum", yaani Mwenyezi Mungu atukubalie sisi nanyi, na hiyo ni dua kati ya waliofunga. Kama hukufunga, "Idi njema, jirani" inapendeza kuliko Kiarabu cha kubahatisha.

Nne ni sahani. Mwaka wangu wa kwanza Bondeni, asubuhi ya Idi, binti wa jirani alibisha mlango amebeba sinia lililofunikwa kitambaa cheupe chenye ua jekundu pembeni. Chini yake kulikuwa na pilau, kachumbari na mahamri. Tulikula tukashiba. Jioni nikaosha sinia, nikalikausha, nikalirudisha likiwa linang'aa, nikasema asante. Walinipokea kwa tabasamu, hakuna aliyenung'unika. Mwaka uliofuata, mama mmoja wa plotini mwetu akaniita kando akaniambia kwa upole, "Mwanangu, sahani ya sikukuu hairudi tupu." Hata sukari kidogo, hata maembe matatu. Tangu hapo sijarudisha chombo cha mtu kikiwa kitupu, siku ya sikukuu au siku ya kawaida.

Nawe ukipeleka sahani kwa jirani Mwislamu siku ya Krismasi, usimpelekee kuku uliyemchinja mwenyewe. Chapati, keki, matunda au soda, ataweza kula na wanawe bila kukuuliza maswali yanayotia haya.

Je, tunasema "Heri ya Ijumaa Kuu"?

Hapana. Ni siku ya mateso na kifo, na kwa waumini wengi ni siku ya kufunga na kunyamaza. Mwambie mtu "Nakutakia Ijumaa Kuu yenye utulivu", au usiseme kitu, mtakutana kanisani. Heri inangoja Jumapili: "Heri ya Pasaka", au kwa wale wanaopenda salamu ya kale, "Kristo amefufuka!" nawe ujibu, "Amefufuka kweli kweli!"

Diwali?

Kisumu na Nakuru zote zina Wahindu wa vizazi vingi, na ukifanya kazi kwenye maduka yao utaiona: taa mlangoni, unga wa rangi sakafuni, visanduku vya peremende. Huangukia Oktoba au Novemba, mwezi unapokuwa gizani. "Diwali njema" inatosha. Wenye asili ya Gujarati husherehekea mwaka mpya mara tu baada ya Diwali, na siku hiyo utasikia "Saal Mubarak". Ukipewa peremende, pokea kwa mkono wa kulia.

Na wasiosherehekea kabisa?

Mashahidi wa Yehova hawasherehekei Krismasi, na wapo Wakristo wengine, baadhi yao wanaoshika Sabato, wasioiadhimisha. Wasalimie kama siku nyingine: "Habari za siku nyingi? Watoto wazima?" Nawasihi hasa kuhusu watoto wao. Usimuulize mtoto wa nyumba hiyo mbele ya wenzake, "Mmenunuliwa nguo gani za Krismasi?"

Nimsalimie vipi aliyefiwa?

Swali hili nalijibu kwa kosa langu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita, jioni ya tarehe 24, niliandika ujumbe mmoja mzuri, au niliouona mzuri, nikautuma kwa kila namba iliyokuwa kwenye simu yangu. Ulikuwa na nyota na fataki, na ulisema "Krismasi yenye shangwe na vicheko tele". Mmoja wa waliopokea alikuwa mama anayeuza omena (dagaa) soko la Kibuye, mteja wangu wa siku nyingi. Alikuwa amemzika mumewe mapema mwezi huohuo. Nilijua. Nilikuwa nimetoa mchango wa mazishi kwa mkono wangu. Akajibu neno moja: "Asante."

Niliona lile neno usiku na sikulala vizuri. Tarehe 27 nikaenda Kibuye. Alikuwa anatandaza omena juu ya gunia, anazitenga zilizovunjika kwa ncha za vidole. Nikachuchumaa, nikamwambia, "Mama, pole. Ule ujumbe sikukusudia ukufikie wewe." Hakuinua uso mara moja. Akasema, "Nilijua, nyathina (mwanangu). Ulikuwa wa kila mtu."

Tangu siku hiyo, kabla ya kutuma chochote, nakaa na orodha ya majina na kujiuliza ni nani ana msiba nyumbani. Hao nawapigia au nawatembelea. Sisemi shangwe. Naanza na "pole", hata kama nilishaisema siku ya mazishi, na namtaja marehemu: "Mama, hii ni Krismasi ya kwanza bila Mzee. Tunamkumbuka, na tunakukumbuka." Watu huogopa kumtaja marehemu wakidhani wanatonesha kidonda. Nilivyoona mimi, kinachouma zaidi ni wote kujifanya hakuwahi kukaa kwenye kile kiti.

Akikutakia heri yeye kwanza, mrudishie, maana amechagua mwenyewe. Kama ni mjane wa Kiislamu na Idi imemkuta edani, ile miezi 4 na siku 10, kufika kumsalimu kwa upole kuna thamani kuliko ujumbe. Kwangu tahadhari hii inadumu mwaka mzima, mpaka kila sikukuu iwe imepita mara moja bila yule aliyeondoka.

Kuna ubaya gani kusambaza ujumbe mmoja kwa wote?

Mama wa Kibuye ameshajibu. Nitaongeza kidogo tu.

Wenye umri wangu wanakumbuka salamu za redio. Ulinunua kadi ya salamu, ukaijaza, ukaituma kituoni, ukakaa siku ukingoja mtangazaji asome. Aliyesikiliza hakungoja ujumbe, kwa sababu ujumbe ulikuwa mfupi na kadi nyingi zilifanana. Alingoja jina. Jina la baba, la shangazi wa Webuye, la rafiki aliyehamia Naivasha. Likitajwa, boma zima lilipiga kelele na mtu akatumwa mbio kwa jirani kuuliza kama amesikia. Ule ulikuwa ujumbe uliopita hewani kwa nchi nzima, lakini kila aliyetajwa aliupokea kama wake.

Sasa WhatsApp inamwonyesha mtu kwamba ujumbe umesambazwa mara nyingi. Anajua haukuanza kwako na hautaishia kwake. Kama una watu 200 na muda ni mchache, wachague 20, uandike jina la kila mmoja na sentensi moja inayomhusu. Waliobaki, weka salamu yako kwenye stetasi, waione wenyewe. Kwenye grupu la familia au la chama, salamu moja ya jumla ni halali, kwani hapo kweli unasema na wote.

Mtu akiniuliza "Krismasi yangu iko wapi?" nijibuje?

Huku kwetu Krismasi imekuwa pia jina la zawadi. Mlinzi wa geti, makanga, mama mboga, kijana anayekubebea maji, wote watakuuliza, na wengi huuliza wakicheka. Hiyo ni salamu na ombi vikiwa vimeshikana mkono. Kosa la wengi ni kukimbilia ombi na kuiacha salamu.

Jibu salamu kwanza, kwa jina lake. Kama unacho, toa kwa mkono wako, usimwachie mtu akupelekee. Si lazima iwe pesa. Pakiti ya unga, sukari au mafuta ya kupikia hufika nyumbani salama, wakati noti huweza kuishia njiani. Kama huna, sema huna: "Sikukuu njema, ndugu yangu. Mwaka huu mfuko haujakaa vizuri, lakini nakushukuru kwa kunifungulia geti hata usiku wa manane." Nimewaona walinzi wakilipokea jibu hilo vizuri kabisa. Wasichokipokea vizuri ni "kesho" inayosemwa kila siku hadi tarehe 31.

Dada anayekusaidia nyumbani ni habari nyingine, na hapa nitasema bila kuzunguka. Mshahara wake si Krismasi yake. Mlipe mshahara wote kwanza. Halafu mpe zawadi, na umpe mapema, kabla hajapanda gari, ukikumbuka kwamba nauli ya Desemba si ile ya Oktoba. Akifika kwao mikono mitupu, mama yake atajua amekuwa akiishi na watu wa namna gani.

Na anayeketi kwenye ofisi ya umma akikuambia Krismasi yake iko wapi huku faili yako iko chini ya kiwiko chake, hiyo haimo katika ukurasa huu. Hiyo ni hongo.

Nimeshatuma pesa kwa M-Pesa. Bado nitume salamu?

Ndiyo. M-Pesa ilianza mwaka 2007 na imetusaidia mno, lakini ujumbe unaofika una jina lako, kiasi na saa. Salamu haimo. Mteja wangu mmoja humtumia baba yake pesa kila Desemba. Mwaka mmoja mzee akampigia akiwa na wasiwasi, "Hii pesa ni ya nini? Kuna mtu mgonjwa?" Mwanawe alikuwa amesahau kumpigia tangu Agosti.

Piga kwanza, kisha tuma. Mwambie, "Baba, Krismasi njema, naweka kitu kidogo cha nyama." Na uweke na ya kutolea. Ukituma kiasi kamili bila ada ya kutoa, zawadi yako inakatwa mbele ya macho ya mzee kwenye kidirisha cha wakala, nami ndiye ninayelazimika kumwambia haitoshi.

Anayepokea naye asikae kimya. Piga siku hiyohiyo, useme imefika. Kijaluo tunasema "Erokamano", na neno hilo moja linamtosha aliyetuma.

Nikifika nyumbani, nianze kumsalimia nani na kwa lugha gani?

Anza na mkubwa kuliko wote bomani, hata kama watoto wamekurukia mizigo. Ukiwa bado na begi begani, nenda kwa bibi. Umwite anavyoitwa kwao: dani kwa Wajaluo, kukhu kwa Waluhya, cucu kwa Wakikuyu, kogo kwa Wakalenjin. Mtoto aliyezaliwa Nairobi akifundishwa neno hilo moja kwenye gari, safari nzima imelipa.

Salamu ya sikukuu haitangulii salamu ya siku. Asubuhi Ujaluoni ni "Oyawore", jioni "Oimore", ndipo "Krismas maber". Kwa Waluhya "Mulembe", ambayo ni amani, nayo hurudishwa "Mulembe". Kwa Wakisii asubuhi ni "Bwakire". Ukiwa upande wa Nakuru au Bonde la Ufa, Wakalenjin watakuambia "Chamgei", nawe ujibu "Chamgei mising". Ukimwambia mzee "Heri ya Krismasi" kabla hujamuuliza ameamkaje, umeruka mlango ukaingilia dirishani.

Waliooa au kuolewa Uluhyani wawe makini na mikono. Kwa Waluhya wengi, mwanamume hampi mama mkwe wake mkono, wala mke hampi baba mkwe wake. Mnasimama mbali kidogo, mnasalimiana kwa maneno, na anayejua adabu huinamisha macho. Kuna nyumba zilizoacha desturi hiyo, lakini usiwe wewe wa kuamua kwamba wameacha. Ngoja mkono uje kwako. Nimeona bwana harusi mmoja wa kutoka mbali akimkumbatia mama mkwe wake mchana wa Krismasi mbele ya wajomba, kwa furaha tu, na yule mama akaingia jikoni asionekane tena hadi wageni walipoondoka. Mke ndiye aliyepaswa kumwambia mapema.

Tarehe 26 ina salamu yake?

Haina. "Sikukuu njema" inatosha. Vihiga wengi huwa njiani kwenda Mbale kwenye tamasha la utamaduni wa Wamaragoli, na hao waambie "Mulembe" uwaachie nafasi barabarani.

Kazini nimwandikie nini bosi au mteja?

Fupi, kwa jina, bila kuomba kitu. Kwa bosi: "Nakushukuru kwa mwaka huu. Nakutakia wewe na familia yako sikukuu njema." Kama hujui dini ya mteja, "sikukuu njema" inafunika wote. Usiambatishe bei wala tangazo la punguzo. Mwenye duka akinitakia heri halafu mstari wa pili ananiambia viatu vimeshuka bei, najua alianza na mstari wa pili.

Nimechelewa. Ni Februari na sijamsalimia mtu niliyepaswa kumsalimia.

Tuma. Usijaze ukurasa na visingizio vya kazi na mtandao, kwa sababu atalazimika kukufariji wewe badala ya kupokea salamu. Usiandike "Heri ya Krismasi" pia, maana mti ulishatolewa na mbegu ziko karibu kuingia shambani. Andika kama mteja wangu mmoja alivyomwandikia mwalimu wake wa zamani aliyestaafu huko Bungoma. Kadi zote za Krismasi zilikuwa zimeisha, nikampa ile tupu isiyo na maneno. Akaandika: "Mwalimu, mwaka umeanza sijakusalimu. Nakutakia mwaka mwema na mvua ya wakati. Yule ng'ombe mweusi alizaa?"

Baada ya wiki mbili mwalimu akampigia simu. Alizaa, ndama jike.